Salfa Inapanda, Shaba Inashuka

Ukitaka kujua Lubumbashi inakula nini, simama Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, utazame malori. Yanayopanda kuelekea Zambia na Kongo yamebeba mafuta, ngano, mitambo, na salfa ya manjano iliyofunikwa turubai baada ya kushushwa melini Dar es Salaam. Yanayoshuka yamebeba shaba: mabamba ya rangi ya waridi iliyopauka, yamepangwa na kukazwa kwa mikanda ya chuma, mafungu machache tu juu ya tela refu, kwa sababu uzito unatimia kabla nafasi haijajaa. Nafundisha kemia Mbeya, na barabara hii inapita karibu na madarasa yetu. Kwa miaka mingi malori yamekuwa yakinguruma nje wakati mimi niko ubaoni, najaribu kuwafanya wanafunzi waione moli. Likizo ya Juni iliponikuta sina shughuli, nikafunga begi.

Aliyenialika ni dereva wa malori, Mkongomani wa Lubumbashi, tuliyezoeana kwa sababu kila akipita Mbeya hulala jirani na kwangu. Binti yake alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari, ule unaoishia kwa mtihani wa taifa wanaouita examen d'État, na hesabu za kemia zilikuwa zimemkalia vibaya. "Njoo uone nyumbani," aliniambia, "halafu umfundishe kidogo mtoto wangu." Mwaliko wa namna hiyo mwalimu haukatai.

Zambia niliipita kwa mabasi. Nakonde, Mpika, Serenje, miombo iliyokauka pande zote mbili, kisha Kapiri Mposhi, mahali reli ya TAZARA inapokomea. Sitasema mengi juu ya njia hiyo. Ni ndefu na usiku ni wa baridi. Baada ya Ndola mambo yanabadilika. Barabarani kunajaa matangi ya asidi ya salfuriki, yenye vibao vya tahadhari, yote yameelekeza pua kaskazini. Mtu wa kemia hawezi kuyatazama bila kuuliza kwa nini. Sababu iko ardhini. Shaba nyingi inayochimbwa Zambia imeshikana na salfa, na ukiyeyusha mawe yake tanuri linatoa moshi wa salfa dioksidi. Moshi huo ukinaswa unageuzwa asidi. Upande wa Kongo, karibu na uso wa ardhi, shaba imekaa na oksijeni na kaboni badala ya salfa, na njia rahisi ya kuitoa ni kuilowesha kwenye asidi. Moshi wa nchi moja, basi, ni malighafi ya nchi nyingine, na mpaka wa Kasumbalesa umekaa katikati yake.

Rafiki yangu alinipokea Kasumbalesa, baada ya kadi yangu ya homa ya manjano kukaguliwa na pasipoti kugongwa muhuri. Kutoka hapo hadi Lubumbashi ni kilomita zisizofika 100. Alikuwa na gari dogo la kuazima, na kabla hatujamaliza msururu wa malori aliuliza swali lililokuwa linamkera: ni hesabu gani hii inayomshinda mtoto ambaye sokoni hakosei hata faranga moja?

Nikamwambia ugumu hauko kwenye kuzidisha na kugawanya. Uko hapa: vitu vya kemia vinaungana kwa idadi, lakini sisi tunavipima kwa uzito. Dukani misumari inauzwa kwa kilo, ingawa fundi anaihitaji kwa idadi. Ukijua uzito wa msumari mmoja, mzani unakuhesabia. Atomi ni vivyo hivyo, isipokuwa ni ndogo kiasi kwamba tunazihesabu kwa fungu kubwa mno, na fungu hilo ndilo moli. Fungu moja la atomi za salfa lina gramu 32. Fungu hilohilo, kwa idadi ileile, la atomi za shaba lina gramu 63.5. Tangu tarehe 20 Mei 2019 idadi yenyewe imewekwa rasmi na mataifa kuwa 6.02214076 × 10²³, bila kubaki makombo.

"Sasa tazama lori lile la salfa mbele yetu," nikasema. Kiwandani salfa inachomwa, inakuwa gesi, gesi inaongezewa oksijeni na maji, inakuwa asidi. Atomi moja ya salfa inazaa molekuli moja ya asidi, H₂SO₄, si zaidi. Jiwe la kijani la Katanga, eneo la Lubumbashi, yaani malakiti, lina atomi mbili za shaba katika kila kipande chake cha msingi, na linahitaji molekuli mbili za asidi ili liyeyuke:

Cu₂CO₃(OH)₂ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + 3H₂O + CO₂

Mbili kwa mbili, yaani moja kwa moja. Salfa moja, asidi moja, shaba moja. Kwa hiyo tani 32 za salfa zinatosha kuyeyusha shaba tani 63.5. Kwa hesabu ya karatasi, lori moja linalopanda na salfa linalingana na malori mawili yanayoshuka na shaba.

Alinyamaza kwa muda, kisha akacheka kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote. Nami nilifurahi kuliko yeye. Nimekuwa nikiandika milinganyo ubaoni kama maandishi tu. Kumbe upande wa kushoto wa mshale unapita Tunduma umefunikwa turubai, na upande wa kulia unarudi umefungwa mikanda.

Lubumbashi inajitambulisha kwa bomba la moshi refu na mlima mweusi ulio kando yake. Mlima huo, ambao kila mtu mjini anauita terril, ni mabaki ya tanuri, yaliyomwagwa hapo miaka na miaka. Wabelgiji waliuanzisha mji mwaka 1910, reli kutoka kusini ikafika mwaka huohuo, na mwaka 1911 tanuri la kampuni ya Union Minière likatoa shaba yake ya kwanza, kutokana na mawe ya mgodi wa Étoile ulio jirani. Jina la mji lilikuwa Élisabethville hadi 1966. Nilisimama kwa muda mrefu nikiutazama mlima ule, kwa sababu kwangu ni hesabu iliyoandikwa nusu. Waliokuwa wakiyeyusha walitafuta shaba. Kobalti na zinki na gerimani vilivyokuwemo kwenye mawe yaleyale vilitupwa pamoja na takataka. Atomi hazikupotea. Zilikaa pale zikisubiri, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 likajengwa tanuri jipya hapohapo kwa ajili ya kuuyeyusha tena mlima na kutoa kobalti yake. Kila mara mwanafunzi anaponiuliza kwa nini tunasawazisha mlinganyo, nitamtajia terril ya Lubumbashi: kila kilichoingia tanurini kiko mahali fulani.

Nyumbani kwa mwenyeji wangu ni mtaa wa Katuba. Binti alinisalimu kwa adabu, akaleta daftari lake kabla chai haijapoa, akaenda moja kwa moja kwenye jambo. "Papa mwalimu, mole njo nini? Prof anatupatiaka tu formule: n égale m sur M." Yaani moli ni uzito gawanya kwa uzito wa fungu moja.

Nililipitia daftari. Maandishi mazuri, ya Kifaransa, fomula zimepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Maswali yake ni yaleyale ninayoyatoa mimi kwa Kiingereza: una gramu 5 za kitu fulani, zitazaa gramu ngapi za kitu kingine. Kitu chenyewe ni chumvi ambayo mtoto hajawahi kuishika. Nasema hili kwa uchungu, maana ninalijua kutoka pande zote mbili za mpaka: mtoto anafikiri kwa Kiswahili, anasoma swali kwa lugha ya shule, na kabla hajafika kwenye hesabu amekwisha kuchoka na sentensi. Anachobaki nacho ni fomula. Anaingiza namba ya kwanza aliyoiona mahali pa herufi ya kwanza, anaomba Mungu.

Nilimwomba afunge daftari, na asubuhi tukaenda makumbusho ya Lubumbashi. Mle ndani kuna misalaba ya shaba iliyokuwa fedha ya watu wa huku karne nyingi kabla ya reli. Inafanana na herufi X, minene, imepigwa rangi ya kahawia na miaka. Iliyochimbuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba inaonyesha jinsi mali hii ilivyothaminiwa. Waliokuwa wakiyeyusha shaba walijulikana kama walaji wa shaba, na mmisionari Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926: wakati wa kiangazi walikusanya malakiti, wakajenga matanuri ya udongo wa kichuguu, wakayajaza makala, kama mkaa unavyoitwa huku, na mawe, wakavukuta mpaka shaba ikatiririka.

Tukaketi nje, kwenye kivuli, na hapo ndipo hesabu yake ya kwanza ya kweli ilipoanza. Tuseme msalaba una gramu 635. Mfua shaba alihitaji malakiti kiasi gani?

Kanuni yangu ni moja, na niliirudia mpaka akaanza kuisema kabla yangu: andika kwanza unahesabu nini. Siyo gramu, gramu ni za mzani. Tunahesabu atomi za shaba, kwa mafungu. Gramu 635 gawanya kwa 63.5 ni mafungu 10. Sasa kila fungu la malakiti lina mafungu mangapi ya shaba? Alikodolea macho fomula, akaweka kidole kwenye ile 2 ndogo. "Mbili." Basi mafungu 10 ya shaba yalitoka kwenye mafungu 5 ya malakiti. Hapo tu ndipo tunaporudi kwenye mzani. Shaba mbili 127, kaboni 12, oksijeni tano 80, haidrojeni mbili 2, jumla 221. Mara 5 ni gramu 1,105. Kilo moja na kidogo ya jiwe safi kwa msalaba mmoja.

Makala je? Malakiti ikipata moto inaachia maji na kaboni dioksidi, inabaki oksidi nyeusi ya shaba; kisha kaboni inaichukua ile oksijeni:

2CuO + C → 2Cu + CO₂

Mafungu 10 ya oksidi, mafungu 5 ya kaboni, gramu 60. Alinitazama kwa mashaka, na mashaka yale yalinipendeza sana. Gramu 60 za makala ni vipande vichache tu. Hakuna tanuri linalowaka kwa kiasi hicho. Ni kweli. Mlinganyo unataja makala yaliyoinyang'anya shaba oksijeni yake, hautaji makala yaliyoleta joto, na hayo ya joto ndiyo yaliyomaliza miti. Anayetoa jibu la gramu 60 amejibu swali la mtihani. Anayejua kwa nini mfua shaba alibeba vikapu na vikapu ameelewa swali.

Jioni baba mtu alirudi na hoja yake, na ilikuwa hoja nzito. Alikuwa ameongea na watu wa kiwandani anakopeleka mzigo. Wamemweleza kwamba baada ya shaba kuyeyuka kwenye asidi, maji yale ya buluu yanapitishwa umeme, shaba inaganda kwenye mabamba, na asidi inarudi. Hivyo ndivyo ilivyo: kila shaba inayoganda inaiachia asidi yake, moja kwa moja. "Kama inarudi," akasema, "mbona kila nikimaliza kushusha salfa naambiwa nilete nyingine?"

Sijawahi kusikia swali bora zaidi juu ya somo hili, darasani au nje. Nilimgeukia binti: kuna nini kingine ndani ya jiwe?

Kuna dolomiti. Mawe mengi ya Katanga yamekaa ndani ya mwamba huo, CaMg(CO₃)₂, ndugu wa chokaa, na asidi haichagui. Inayeyusha malakiti na dolomiti kwa pamoja. Tukaweka mfano: tani moja ya mawe, ndani yake shaba kilo 30 na dolomiti kilo 100. Alianza mwenyewe, kwa sauti, huku baba yake akimfuatilia kwa kidole juu ya karatasi. Shaba 127 inataka asidi 196, kwa hiyo kilo 30 zinataka asidi kama kilo 46. Dolomiti: kalsiamu 40, magnesi 24, kaboni mbili 24, oksijeni sita 96, jumla 184. Fungu moja linataka asidi mbili, 196 tena. Kilo 100 zinakula kilo 106 na nusu. Akasimamisha kalamu.

"Inakula kupita kilo yake!"

Ndiyo, na zaidi ya mara mbili ya inayokula shaba. Tena ile ya shaba inarudi, lakini ya dolomiti hairudi: sehemu yake inaishia kwenye jasi, sehemu kwenye chumvi ya magnesi, inamwagwa na mabaki. Malori ya salfa yanapanda zaidi kwa sababu ya mwamba kuliko kwa sababu ya shaba. Rafiki yangu alikaa kimya akitazama zile namba mbili, 46 na 106, zilizoandikwa na mtoto wake. Kisha akamwambia mkewe, aliyekuwa jikoni, kwamba kazi yake yote ya kusafiri imeandikwa hapa.

Mama wa nyumba ndiye aliyetupeleka kwenye hesabu ya mwisho. Juni Lubumbashi usiku ni wa baridi kali. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na watu wengi huingiza mbabula, jiko la mkaa, ndani ili chumba kipate joto. Alikuwa amesonga bukari, ugali wa huku, makala bado yanawaka, na binti, aliyekuwa sasa anapiga hesabu ya kila kitu, akamwambia kwamba kilo moja ya makala, tukiyachukulia kuwa kaboni tupu, inatoa hewa chafu kilo tatu na theluthi mbili. Kaboni 12 inakuwa kaboni dioksidi 44.

Mama aliacha mwiko. "Kilo moya inazala namna gani kilo tatu? Ile ingine inatoka fasi gani?"

"Inatoka mu hewa, mama. Hewa nayo iko na kilo."

Hapo hatukulala mapema. Kama makala yanakula hewa, chumba kina hewa kiasi gani? Tukapima chumba cha watoto kwa hatua: mita 3 kwa 3, urefu 2.5, yaani lita 22,500. Oksijeni ni asilimia 21, lita 4,725. Daftari lake linasema moli moja ya gesi inachukua lita 22.4. Nikamwonyesha kwamba namba hiyo ni ya nyuzi 0 na usawa wa bahari. Lubumbashi hewa imepanuka, mgandamizo wake ni karibu asilimia 87 ya ule wa pwani, na ndani ya chumba cha nyuzi 20 moli moja inachukua lita 28 hivi. Lita 4,725 gawanya kwa 28 ni moli 169 za oksijeni. Kaboni moja inataka oksijeni moja, C + O₂ → CO₂, kwa hiyo moli 169 za kaboni, kilo 2 tu za makala, zinaimaliza oksijeni yote ya chumba kilichofungwa.

Na haifiki huko. Oksijeni ikianza kupungua, makala hayasubiri. Kaboni inachukua nusu ya oksijeni iliyoihitaji na kutoa CO, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kumwua mtu usingizini. Darasani tunaliita somo hili kitendanishi kinachoisha kwanza, na wanafunzi wanalichukia kuliko mengine yote. Mama alilielewa bila fomula. Alituambia kwamba katika familia yao ni mwiko tangu zamani kulala na mbabula, ila hakuna aliyewahi kumweleza kwa hesabu.

Binti aliuliza basi dirisha lifunguliwe kiasi gani, na hilo huwezi kulijibu bila kujua makala yanaungua kwa kasi gani. Asubuhi aliazima mzani kwa jirani anayeuza unga, akapima mbabula ikiwaka barazani, akaipima tena baada ya saa nzima. Ilikuwa imepungua gramu 300 hivi. Akaandika: moli 25 za kaboni, moli 25 za oksijeni, lita 700, kwa hewa ya kawaida, zaidi ya mita za ujazo 3 kila saa. Chini yake akaongeza kwamba hiyo ni kwa ajili ya makala peke yake, na watu waliolala bado hawajahesabiwa.